Kwa nini injini yenye nguvu ya nusu karatasi ilimchukua profesa miaka 30

Swali: Shikamoo Profesa. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uhandisi wa mitambo, Mbeya. Nimesoma kwamba Profesa Hitoshi Kuninaka wa Japani alitumia karibu muda wake wote wa kazi kutafiti injini ya umeme ya vyombo vya anga, na kwamba msukumo wa injini hiyo haufikii hata uzito wa karatasi. Naomba unieleze injini dhaifu hivyo ina faida gani, na kwa nini utafiti wake uchukue miaka 30. Nikiichagua njia hiyo, kazi yenyewe ya kila siku ni ipi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nitaanza na hiyo karatasi, kwa kuwa ukishaielewa vizuri, maswali yako mengine yatafunguka yenyewe.

Karatasi ya kawaida ya ofisini, ya saizi ya A4, ina uzito wa gramu 5 hivi. Ukiilaza kiganjani inakukandamiza kwa nguvu ya milinyutoni 49, yaani nyutoni 0.049. Injini ya ioni ambayo Profesa Kuninaka na wenzake waliiunda, iitwayo μ10 kwa sababu mdomo wake una kipenyo cha sentimeta 10, ilitoa milinyutoni 8 katika chombo cha Japani kilichoitwa Hayabusa, kilichotumwa kuleta mchanga wa asteroidi. Injini 3 zikiwaka kwa pamoja zilitoa milinyutoni 24, yaani nusu ya uzito wa karatasi hiyo. Chombo chenyewe kilikuwa na kilo 510 siku kilipoondoka duniani. Ulichosoma, kwa hiyo, ni kweli kabisa.

Sasa chukua kalamu. Gawa nyutoni 0.024 kwa kilo 510, upate mchapuko, kisha uuzidishe kwa sekunde 86,400 zilizomo katika siku moja. Utaona kwamba baada ya siku nzima ya kusukumwa chombo kimeongeza kasi ya mita 4 kwa sekunde, ambayo ni kasi ya mtu anayekimbia tu. Lakini huko kiliko hakuna hewa ya kukizuia wala barabara ya kusuguana nayo, kwa hiyo kasi ya jana haipotei, na ya leo inajazia juu yake. Endelea hivyo mwaka mzima bila kuzima, na utafika karibu kilometa 1.5 kwa sekunde, ambazo ni zaidi ya kilometa 5,000 kwa saa. Katika safari yake yote Hayabusa ilipata kwa njia hii jumla ya badiliko la kasi la kilometa 2.2 kwa sekunde.

Utaniuliza kwa nini wasitumie roketi ya kawaida, ambayo ingetoa kasi hiyo kwa dakika chache. Jibu liko katika mlinganyo ambao Konstantin Tsiolkovsky aliuchapisha mwaka 1903, nao unasema kwamba kiasi cha fueli unachohitaji kinategemea kasi ya kile unachokitupa nyuma. Injini ya kemikali ya chombo cha anga hutupa moshi wake kwa kasi ya takriban kilometa 3 kwa sekunde, kwa kuwa nguvu yote inatoka ndani ya fueli yenyewe na haiwezi kuzidi ile iliyomo katika vifungo vya kemikali. Injini ya μ10 hutupa gesi yake kwa wastani wa kilometa 30 kwa sekunde, kwa kuwa nguvu yake inatoka kwenye paneli za sola. Weka namba hizo katika mlinganyo kwa badiliko la kasi la kilometa 2.2 kwa sekunde: kwa njia ya kemikali, zaidi ya nusu ya uzito wa chombo ingelazimika kuwa fueli, kwa njia ya umeme inatosha chini ya asilimia 8. Chombo cha kilo 510 ambacho nusu yake ni fueli hakibakizi nafasi ya kamera, antena, kapsuli ya kurudisha mchanga, na injini za kukigeuza huku na huku.

Bei ya faida hiyo ni udhaifu wa msukumo, wala haukwepeki kwa ufundi wowote. Ukitaka kutupa gesi kwa kasi maradufu huku msukumo ukibaki uleule, lazima ulipe umeme maradufu. Kila injini ya μ10 ilitumia wati 350 hivi, na hiyo ndiyo iliyowezekana kwa paneli za chombo kidogo kinachokwenda mbali na jua. Mtu anayeilaumu injini ya ioni kwa udhaifu anailaumu paneli ya sola bila kujua.

Ukishakubali kwamba msukumo ni mdogo, umekubali pia kwamba injini lazima iwake kwa maelfu ya saa. Injini kubwa ya roketi inayonyanyua chombo kutoka ardhini hufanya kazi kwa dakika chache tu katika kila safari. Injini ya ioni inatakiwa ifanye kazi kwa saa 10,000, 20,000, au zaidi, mahali ambapo hakuna fundi atakayefika. Kwa hiyo swali linalomnyima usingizi mtafiti wa fani hii ni kitu gani kitalika kwanza, na kitalika lini. Ukitaka kujua kwa nini miaka 30, liangalie swali hilo.

Hebu tuifungue injini. Ndani yake kuna chumba kidogo kinachopitishwa gesi ya zenoni, gesi nzito isiyoungana na kitu kirahisi. Elektroni zenye nguvu hugonga atomi za zenoni na kuzing'oa elektroni moja moja, hata gesi igeuke plazma, yaani mchanganyiko wa ioni zenye chaji chanya na elektroni huru. Mwisho wa chumba kuna nyavu, sahani nyembamba zenye mamia ya matundu, zilizopangwa moja mbele ya nyingine kwa nafasi ndogo mno. Kati ya nyavu hizo huwekwa tofauti ya volti, ambayo kwa μ10 inakaribia 1,500, na ioni zinazosogea kwenye matundu huvutwa na kurushwa nje. Nje kabisa kuna kifaa cha pembeni kinachomwaga elektroni ndani ya mkondo wa ioni, ili kuurudishia usawa wa chaji. Bila kifaa hicho chombo chenyewe kingejaa chaji hasi, na ioni zilizotoka zingevutwa kurudi nyuma, nao msukumo ungekoma. Tukiite kisawazishi, na ukikumbuke, maana baadaye ndicho kitakachoamua mambo.

Wa kwanza kuitengeneza injini ya namna hii ikafanya kazi vizuri alikuwa Harold Kaufman, mwaka 1959, katika kituo cha NASA kilichoko Cleveland, Marekani. Tarehe 20 Julai 1964 injini yake iliwashwa angani katika jaribio la SERT I ikafanya kazi kwa dakika 31, na kwa mara ya kwanza ikathibitika kwamba mkondo wa ioni unaweza kusawazishwa katika ombwe halisi, yaani mahali pasipo na hewa. Baadaye Kaufman alikwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado. Hata hivyo, kutoka dakika 31 hizo hadi Deep Space 1, chombo cha kwanza kusafiri kati ya sayari kwa kutegemea injini ya ioni, ilipita miaka 34. Hesabu miaka hiyo uilinganishe na miaka 30 ya swali lako.

Kilichochelewesha ni uchakavu, nao una vyanzo viwili vikubwa. Cha kwanza ni kathodi, kile kipande kinachopashwa moto ili kitoe elektroni. Katika injini za ukoo wa Kaufman kathodi imo ndani ya chumba cha plazma, na nyingine imo katika kisawazishi. Inachakaa polepole, na ikiguswa na oksijeni kidogo tu inaweza kuharibika. Chanzo cha pili ni nyavu. Ioni nyingi hupita katikati ya matundu bila kugusa kitu. Lakini njiani kuna atomi za zenoni ambazo hazikupata chaji, na ioni yenye mwendo mkali ikikutana na atomi kama hiyo inaweza kuinyang'anya elektroni na kuendelea na safari yake kama atomi ya kawaida. Aliyenyang'anywa sasa ni ioni, lakini hana kasi, na kwa kuwa wavu wa nje una volti hasi, anavutwa moja kwa moja kwenye wavu huo na kuugonga. Kila kipigo hung'oa atomi chache. Baada ya saa elfu kadhaa matundu yanapanuka, na baada ya makumi elfu wavu unaweza kutoboka. Injini ya akiba ya Deep Space 1 iliwashwa katika tangi la ombwe huko California, ikaachwa iendelee hadi mwaka 2003 kwa saa 30,352, kusudi watafiti wauone uchakavu huo kwa macho yao.

Kuninaka alipata shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Tokyo mwaka 1988 na kuingia ISAS, taasisi ya sayansi ya anga ambayo makao yake yako Sagamihara. Huko alimkuta Kyoichi Kuriki, aliyekuwa akiongoza utafiti wa injini za umeme nchini Japani. Uamuzi aliouchukua katika miaka yake ya mwanzo ndio ninaoustahi kuliko yote aliyoyafanya baadaye: aliiondoa kathodi kabisa. Badala ya kupasha kipande cha chuma moto ili kitoe elektroni, aliingiza mawimbi ya maikrowevu ndani ya chumba chenye sumaku za kudumu. Elektroni ikiwa ndani ya uga wa sumaku huzunguka kwa idadi maalumu ya mizunguko kwa sekunde, inayotegemea nguvu ya sumaku hiyo. Mawimbi yakija kwa idadi hiyohiyo, elektroni hupokea nguvu kila inapozunguka, kama mtoto kwenye bembea anayesukumwa kila anaporudi. Kwa mawimbi ya gigahezi 4.25, uga unaohitajika ni tesla 0.15 hivi, ambao sumaku ndogo inautoa bila umeme wowote. Kisawazishi nacho akakitengeneza kwa kanuni hiyohiyo. Nyavu akazitengeneza kwa kaboni iliyoimarishwa kwa nyuzi za kaboni, ambayo haing'olewi upesi kama chuma.

Njia hii ina hasara, na ni haki uijue. Maikrowevu hutumia umeme mwingi zaidi kuzalisha kila ioni kuliko kathodi inavyotumia, kwa hiyo kwa umeme uleule unapata msukumo pungufu. Mtu anayetazama karatasi ya vipimo peke yake angeikataa injini hii siku ya kwanza. Kuninaka alikubali kupungukiwa na ufanisi ili apate maisha marefu, na kwa safari ya miaka mingi ya chombo kidogo naona alichagua sawasawa.

Kuchagua hakukutosha, alipaswa pia kuthibitisha. Jaribio la kwanza la ustahimilivu wa μ10 lilikwenda kwa saa 18,000. Gawa kwa 24, utapata siku 750, yaani miaka 2 na siku kama 20 za injini kuwaka ndani ya tangi la ombwe. Baada yake likaja jaribio la pili la saa 20,000. Njia ya mkato haipo, kwa kuwa ukiongeza volti ili uchakavu uje haraka unabadilisha uchakavu wenyewe. Zaidi ya hayo, tangi si anga. Hata pampu nzuri kupita zote huacha humo gesi nyingi kuliko iliyoko kati ya sayari, na chembe za kaboni zinazong'olewa kwenye kuta za tangi hurudi na kujipaka kwenye injini, hata ukadhani wavu hauchakai wakati unapakwa upya kutoka nje. Sehemu kubwa ya elimu ya fani hii ni kujua namna ya kutenganisha kosa la tangi na tabia ya injini.

Hayabusa iliruka tarehe 9 Mei 2003 kutoka Uchinoura, ikiwa na injini 4 na kilo 66 za zenoni, ikielekea asteroidi Itokawa, jiwe lenye urefu wa nusu kilometa tu. Injini A haikutulia tangu mwanzo, ikawekwa kando. B, C na D zikabeba safari. Chombo kilifika Septemba 2005, kikagusa uso wa Itokawa mara 2 mwezi Novemba, ndipo balaa likaanza. Magurudumu 2 kati ya 3 ya kukigeuza chombo yalikuwa yameshaharibika. Fueli ya injini ndogo za kemikali ikavuja yote. Mawasiliano yakakatika mwezi Desemba kwa takriban wiki 7. Yaliporudi, wahandisi walikuwa na chombo kisicho na namna ya kawaida ya kujigeuza, wakakigeuza kwa kuachia gesi ya zenoni ipite bila kuchajiwa kwenye visawazishi, na kwa msukumo hafifu wa mwanga wa jua. Safari ya kurudi ikaahirishwa kutoka mwaka 2007 hadi 2010. Injini zilizopimwa kwa safari ya miaka 4 sasa zilidaiwa miaka 7.

Tarehe 4 Novemba 2009 injini D ilijizima. Kisawazishi chake kilikuwa kimechoka. Cha B kilishakwisha miaka 2 nyuma. C nayo ilionyesha dalili zilezile, haikuweza kuachiwa mzigo wote peke yake. Angalia jambo hili vizuri: nyavu zilizogharimu maelfu ya saa za majaribio zilikuwa bado nzima, kilichokufa kilikuwa ni kile kifaa cha pembeni. Lakini A, ile iliyowekwa kando tangu mwanzo, ilikuwa na kisawazishi kilichokuwa karibu kipya. Kuninaka na wenzake wakawasha chumba cha ioni cha B pamoja na kisawazishi cha A, vifaa viwili vilivyokuwa na mifumo tofauti ya umeme. Hilo liliwezekana kwa sababu kabla ya chombo kuruka, katika saketi hiyo walikuwa wameongeza dayodi (kifaa kinachoruhusu umeme upite upande mmoja tu) ya njia ya pembeni, ili siku ya dhiki mkondo upate pa kupita. Ni kipande kimoja kidogo, ambacho kingebaki bila kazi laiti safari ingekwenda kama ilivyopangwa. Injini hiyo ya kuunganishwa ikasukuma, na kufikia tarehe 27 Machi 2010 chombo kikawa kwenye njia ya nyumbani. Tarehe 13 Juni 2010 kapsuli ilianguka Woomera, Australia, na ndani yake zikapatikana punje zipatazo 1,500 za Itokawa. Ukijumlisha saa za kila injini, zilikuwa zimewaka karibu saa 40,000.

Huwa nawasimulia wanafunzi wangu habari za dayodi hiyo kila mwaka, kwa maana inaonyesha profesa wa uhandisi anafanya nini hasa. Mtu hawezi kuifikiria usiku ule injini inapozima. Anaifikiria miaka 7 kabla, akiwa ameishi na injini yake kiasi cha kujua ni viungo gani vinaweza kufa peke yake na kuacha vingine hai.

Baada ya hapo Kuninaka aliongoza kwa miaka kadhaa mradi wa Hayabusa2. Mabadiliko yaliyofanywa katika injini yanasimulia walichojifunza: kisawazishi kiliongezewa nguvu ya sumaku ili kichakae polepole, na mahali pa kuingizia gesi pakabadilishwa, msukumo ukapanda kutoka milinyutoni 8 hadi 10. Chombo hicho kiliruka Desemba 2014, kikaifikia asteroidi Ryugu mwaka 2018, na Desemba 2020 kikaleta gramu 5.4 za mchanga wake. Kuninaka mwenyewe alikuwa ameshakuwa mkurugenzi mkuu wa ISAS tangu 2018. Hayabusa2 haikupumzika, iliiacha kapsuli ikaendelea na safari, na injini zilezile zinaipeleka kwenye asteroidi ndogo iitwayo 1998 KY26, ambako inatarajiwa kufika 2031.

Sasa kuhusu kazi ya kila siku. Utakuwa na siku nyingi za kusafisha kuliko za kuwasha. Nilipokuwa mwanafunzi wa uzamivu katika maabara moja ya ng'ambo, tulipoteza wiki 3 tukitafuta kwa nini tangi letu halifiki ombwe tulilolihitaji, tukafungua na kufunga kila kiungo, tukapitisha kila pembe gesi ya heliamu ya kutafutia mahali panapovuja, mwishowe tukakuta unywele mmoja umelala juu ya mpira wa kuziba mlango. Utatengeneza vipimo vidogo vya kuingiza ndani ya plazma bila kuivuruga, na vipimo hivyo vitaungua. Utaandika programu za kompyuta zinazofuata njia za ioni milioni moja moja, kisha utalinganisha na kile kilichotokea kwenye tangi, navyo havitalingana, na hapo ndipo utafiti wako utaanza. Ukishakuwa mwalimu, muda mwingi utakwenda kwa wanafunzi na kwa kuomba fedha, maana zenoni ni ghali, na tangi linaloendeshwa usiku na mchana hula umeme bila kukoma.

Kwa mwaka wako wa pili, usiikimbie fizikia ya umeme na sumaku kwa kudhani ni ya watu wa idara nyingine, kwa kuwa mhandisi wa mitambo anayeijua vizuri ana nafasi kubwa katika maabara za fani hii. Ongeza somo la gesi zenye msongamano mdogo ukilipata, na ujifunze programu moja ya hesabu mpaka uizoee. Ukitaka kwenda kule alikofanyia kazi Kuninaka, fahamu kwamba ISAS hupokea wanafunzi wa uzamili na uzamivu kupitia Chuo Kikuu cha Tokyo na chuo cha SOKENDAI, na kwamba serikali ya Japani hutoa ufadhili wa masomo ambao Watanzania huuomba kupitia ubalozi wake Dar es Salaam. Kabla ya kuomba, mwandikie mwalimu unayetaka akusimamie, na katika barua hiyo mweleze swali moja la uchakavu unalotaka kulitafiti. Barua ya namna hiyo ndiyo atakayoisoma hadi mwisho.